Bunduki Niliyoishika Nikitazama Migomba

Nimeshika bunduki nyingi za zamani katika maisha yangu, na nyingi kati yake niliutaja umri wake kabla mwenyewe hajamaliza kufungua begi. Moja tu ndiyo iliyonishinda. Hiyo niliishika kwa mkono mmoja kupitia dirisha la chumba cha kulala cha mama mkwe wangu, uso nikiwa nimeuelekeza kwenye migomba, na nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka shingo inapata joto.

Nianze na ujuzi wenyewe, kwa sababu bila huo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Kabla sijastaafu na kuhamia mjini Kakamega, nilikuwa fundi katika duka la bunduki kule Eldoret. Wakulima wa ngano na mahindi walituletea bunduki zao za marisau, zile za kupigia kanga na kufukuzia nyani. Zilizonikaa moyoni ni zile zinazojijaza zenyewe. Unafyatua, mtutu unarudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda mahali pake, na wewe hujasogeza kitu ila kidole. Zilizotoka Ubelgiji zilikuwa na mgongo uliopanda juu ghafla kule nyuma, kwa hiyo dukani tuliziita nundu, na mteja akisema ana nundu tulijua analeta nini.

Watu hupotea kwenye hiyo nundu. Wabelgiji walizitengeneza miaka na miaka bila kuligusa umbo, hivyo babu na mjukuu wanafanana mgongo. Mtu anaiona anasema, hii ni ya enzi za reli. Si kweli. Umri unausoma kwenye vitu vidogo. Kwanza, kile kitufe cha kufunga triga isifyatuke: kwenye za kale kabisa kiko mbele ya triga, kwenye za baadaye kiko nyuma yake. Pili, pale mkono unaposhika kitako, mti wa za zamani umeishia kwa mviringo, na wa zile zilizokuja baada ya Uhuru umekatwa bapa. Tatu, na hiyo ndiyo hakimu, kuna mihuri midogo ya wakaguzi wa Ubelgiji, na kando yake herufi ya mwaka. Dukani tulikuwa na karatasi ya herufi hizo imebandikwa ukutani mbele ya meza yangu, nami niliitazama miaka mingi kuliko nilivyoitazama picha ya arusi yangu. Mke wangu anajua hivyo.

Sasa baba mkwe wangu akafariki huko Lugari. Alikuwa mzee sana, na kifo chake kilikuwa cha kitandani, cha polepole, cha kuaga. Katika ujana wake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la Mzungu mmoja, na Wazungu walipoondoka na mashamba kugawanywa, alipata kipande chake palepale alipokuwa akilima kwa ajili ya mtu mwingine. Alilima mahindi, akasomesha watoto, akakaa benchi moja kanisani na jirani yake kwa muda wote nilioijua familia hiyo.

Mazishi yalikuwa makubwa, ila jambo moja watu hawakulielewa. Mama mkwe hakulia. Kwetu mjane asipolia, watu hawanyamazi. Alikaa kando ya jeneza amenyooka, mikono mapajani, akitazama mbele, na akina mama waliokuja kumsaidia kulia wakajikuta wanalia peke yao. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba labda hawakuwa wakipendana. Mke wangu alimsikia pia na hajamsahau.

Baada ya mazishi ikaja siku ya kunyolewa. Wasiotujua wafahamu kwamba siku hiyo watu wa nyumba ya marehemu wananyolewa nywele, na wazee wanakaa kuulizia mambo aliyoyaacha. Mwenye dai lolote kwa marehemu analisema hapo mbele ya watu, kwa sababu baadaye hakuna atakayemsikiliza. Mmoja alitaja ndama. Mwingine alitaja mpaka wa shamba. Kisha jirani yule wa benchi la kanisani akasimama, akavua kofia, na kiwanja kizima kikamgeukia kwa kuwa hakuna aliyetegemea kwamba yeye angekuwa na neno.

"Mimi sidai ng'ombe, na sidai shilingi," akasema. "Huyu mzee alikuwanga rafiki yangu, nyinyi wote mnajua. Nataka tu nionyeshwe ile bunduki alikuwanga nayo. Baba yangu alifungwa juu ya bunduki ya mgongo mkubwa. Nione tu kama ndiyo hiyo. Nikishaona, nitaenda nyumbani."

Akaketi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, isipokuwa mimi mkwe wa kutoka Navakholo, na mke wangu akanieleza sikioni. Baba wa jirani alikuwa mlinzi wa nyumba ya yule Mzungu. Karibu na Uhuru, Mzungu akiwa anafunga mizigo, bunduki yake ya marisau ilipotea. Mlinzi akashikwa, akafungwa, akarudi na kifua kibovu, na hakuishi sana. Aliapa mpaka mwisho kwamba hakuichukua. Miaka ikapita, na siku moja baba mkwe wangu, aliyekuwa dereva wa shamba lile lile, akaonekana mtoni akifukuza nyani kwa bunduki yenye mgongo mkubwa. Alikuwa na kibali cha serikali wakati huo. Alisema aliinunua kwa mfanyabiashara huko Kitale. Baadaye kibali kikaisha, na watu wakadhani ameirudisha kwa polisi.

Hakuwa ameirudisha. Ilikuwa ndani ya gunia, juu ya dari ya chumba cha mama mkwe.

Mke wangu akaja kunivuta mkono. "Mama anakuita nyuma ya nyumba," akasema. "Anasema wewe ndiye unajua hizi vitu. Simama kwa dirisha."

Hapa ndipo shida yangu ilipoanza. Mimi ni mkwe. Mkwe wa kwetu hasogei karibu na mama mkwe wake, hamshiki mkono, hakai naye meza moja, na kitanda chake hakioni hata kwa bahati mbaya. Miaka yote hiyo yeye na mimi tulikuwa tumeongea kwa kupitia mke wangu, hata tukiwa wote tunasikiana vizuri. Chumba kile kilikuwa na kitanda. Na bunduki haikuweza kutolewa nje, kwa kuwa kiwanja kilikuwa kimejaa watu na mama hakutaka ionekane kabla yeye mwenyewe hajajua ni bunduki gani. Basi tukapatana kwa njia ya mke wangu: wao wataiweka juu ya ukingo wa dirisha kwa ndani, mtutu ukielekea ukuta mtupu, na mimi nitasimama nje kwa ubavu, nitazame migomba, niingize mkono mmoja katikati ya vyuma vya dirisha.

"Mwambie mkwe aseme tu ni ya lini," nikamsikia mama akimwambia mke wangu, hatua chache kutoka sikio langu. "Ni ya kabla ya Uhuru ama ni ya baadaye. Hiyo tu."

Nikaingiza mkono. Kitu cha kwanza kwa bunduki ya kujijaza ni kujua kama ina kitu tumboni, maana zinaweza kuhifadhi risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu na mtu asijue. Nikatafuta kishikio upande wa kulia, nikakivuta nyuma. Kilikuwa kigumu kwa kutu, lakini kikaenda, na mlango wa kutolea maganda ukabaki wazi. Nundu ikiwa tupu, hubaki wazi. Nikaingiza kidole kidogo ndani ya chumba cha risasi, hakuna kitu, nikashusha pumzi ya kwanza. Nikapapasa mgongo: nundu, bila shaka. Nikarudi nyuma mpaka pale mkono unaposhika.

Mviringo. Umeishia kwa mviringo laini kama kiazi.

Ningeweza kupapasa triga na kutafuta kile kitufe cha usalama. Sikufanya hivyo. Dukani kulikuwa na sheria kwamba kidole hakiendi karibu na triga usiyoiona kwa macho, na sheria hiyo niliishika hata nikiwa natazama migomba. Herufi nazo huwezi kuzisoma kwa vidole juu ya kutu. Lakini nilikuwa na mviringo ule mkononi, na nilikuwa na sifa yangu ya kujua, na mke wangu alikuwa ananisikiliza, na nadhani hata migomba ilikuwa inanisikiliza.

"Ya zamani," nikasema. "Kabla ya Uhuru."

Nikasikia gunia likikunjwa taratibu. Kisha sauti ya mama mkwe, safari hii bila kumpitisha mke wangu katikati, ikasema, "Asante, mwanangu," na dirisha likafungwa.

Mke wangu alitoka nje akanikuta bado nimesimama pale. Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye jiwe la kunolea panga, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alipokuwa msichana aliwahi kumsikia mama yake akimuuliza baba yake kuhusu ile bunduki, mara moja tu. Baba alijibu, "Nilisema niliinunua," akatoka kwenda shambani. Tangu hapo mama hakuuliza tena. Kila mara bunduki ilipohamishwa kutoka sehemu moja ya nyumba hadi nyingine, mama alifagia pale ilipokuwa, akanyamaza. Jirani alipokuja kunywa chai, mama alimmiminia yeye kwanza.

"Ndiyo sababu hakulia," mke wangu akasema. "Hajui analilia mtu gani."

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyojisikia. Nilijua nimesema ninachokijua, na mimi si mtu wa kudanganya kuhusu bunduki hata kama ni kwa huruma. Lakini nilitamani ningekuwa fundi wa baiskeli. Jioni ile waliniletea obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku mzuri wa kienyeji, na nikamla kama mtu anayetafuna karatasi. Mama mkwe alituma ujumbe kwamba bunduki itaonyeshwa kesho mbele ya watu, jirani aitwe, polisi waitwe, kusiwe na kitu cha kufichwa tena katika nyumba ile. Hakuwa ameulizwa na mtu. Aliamua mwenyewe.

Asubuhi naibu wa chifu alikuja na afisa wa polisi, mwanamke wa makamo asiye na haraka, ambaye alisema wazi tangu mwanzo kwamba mzee akishafariki na watu wa nyumba wakaitoa bunduki wenyewe, yeye hana ugomvi na mjane. Hilo lilinipunguzia mzigo kidogo mabegani, ila halikuwa lile nililoliogopa. Meza iliyotumika kugawia chakula cha mazishi ilikuwa bado iko uani, na kitambaa chake cha plastiki chenye maua. Mke wangu na afisa wakaingia chumbani, wakatoka na gunia, na afisa akaiweka bunduki juu ya maua yale. Jirani alisimama upande wa pili wa meza, kofia mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu, na nilijua nani alikuwa nyuma yake.

"Nani hapa anajua hizi?" afisa akauliza.

Watu wote wakanitazama mimi. Nikavaa miwani, nikaegemea meza, na kwa mara ya kwanza nikaiona kwa macho.

Kilichonigonga kwanza ni rangi ya mti. Kitako cha kiwandani ni cha mti wa jozi kutoka Ulaya, una mistari myeusi inayopita kama maji. Hiki kilikuwa mvule. Mvule wetu huu wa vitanda na milango. Nikakigeuza. Kule mwisho, mahali panapogusa bega, badala ya kile kibao cheusi chenye chapa ya kiwanda, kulikuwa na kipande cha tairi kimekatwa kwa kisu na kupigiliwa skrubu za bawaba ya mlango. Kitako cha kwanza kilivunjika wakati fulani, na mzee, dereva wa trekta ambaye hakuwahi kumpelekea fundi kitu anachoweza kukitengeneza yeye, alijichongea kingine. Alichonga mviringo kwa sababu mviringo ni rahisi na haukwaruzi mkono. Nilikuwa nimepapasa useremala wa baba mkwe wangu nikausoma kama kazi ya Ubelgiji.

Nikajiambia safari hii sitasema kitu mpaka nimalize. Nikamwomba afisa aigeuze ili niione triga. Kitufe cha usalama kilikuwa nyuma yake. Hicho kinasema si ya kale kabisa, ila hakitoshi. Nikaomba bisibisi na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua kutu pembeni mwa mtutu polepole, na alama zikaanza kutokea: taji dogo, nyota, herufi.

Nikaisoma herufi ile. Nikafumba macho nikaona ukuta wa dukani, karatasi iliyobandikwa, na mahali herufi hiyo ilipokaa. Nikafumbua nikaisoma tena.

Bado haikutosha. Mtutu wa bunduki hizi unatoka na kubadilishwa kama mpini wa jembe, na mkulima angeweza kununua mtutu mpya na kuuvalisha mwili wa zamani. Nikahamia kwenye mwili, chini ya ile nundu, nikasugua huko pia. Jirani alikuwa ameacha kunitazama usoni, anatazama mikono yangu. Kutu ikatoka, taji likatokea, na kando yake ile ile herufi. Mtutu na mwili vilizaliwa pamoja.

Nikasimama wima. Mgongo ulikuwa unaniuma na sikujali.

"Mzee," nikamwambia jirani, "hii bunduki ni ya baada ya Uhuru. Si mwaka ule, si mwaka uliofuata. Miaka kadhaa. Wakati baba yako alishikwa, hii ilikuwa haijatengenezwa."

"Jana ulisema ni ya kabla," akasema. Kumbe habari ilikuwa imefika kwake.

"Jana sikuiona. Niliishika tu. Niliponzwa na hiki kitako, na hiki kitako alichonga mwenyewe." Nikamwonyesha tairi na skrubu za bawaba. Akaziinamia, akagusa ile raba kwa kidole.

"Hii ni tairi ya trekta ndogo ya kwao," akasema polepole. "Nilikuwa hapo akiikata. Alisema anatengeneza viatu."

"Ulikuwa hapo?"

"Hakutaka niione, bunduki." Akavuta kiti cha plastiki akakaa bila kukaribishwa. "Hakuwahi kuipiga nikiwa nyumbani. Mimi nilisema, ah, anaogopa. Anajua ni ya nani. Kumbe labda alikuwa ananionea huruma tu, juu ya baba." Akainua uso. "Sema tena hiyo maneno. Haikuwa imetengenezwa?"

"Haikuwa imetengenezwa."

"Basi nilikuwanga nakula kwa rafiki," akasema, akaweka kofia gotini na kuitazama.

Nani aliyeiba bunduki ya Mzungu, sijui, na sidhani kama kuna anayejua. Labda Mzungu mwenyewe aliiuza akamsingizia mlinzi. Jirani hakuuliza hilo siku ile. Alikuwa amekuja kuuliza jambo moja na alikuwa amejibiwa. Niliona mabega yake yakishuka, na yangu yalikuwa yameshashuka kabla ya yake, kwa sababu nilikuwa nimebeba neno langu la jana usiku kucha na sasa nilikuwa nimelitua.

Mke wangu alikuwa amesimama kati ya meza na jikoni. Alinitazama kuuliza kama ni kweli kweli, kama safari hii nimeona kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Akaingia jikoni. Nikasikia sauti yake ikiongea chini chini kwa Kiluhya, maneno machache, kisha sufuria ikianguka sakafuni.

Halafu mama mkwe wangu akalia.

Hakikuwa kilio cha kufuta macho. Ni kile cha mjane, kinachopanda juu ya mabati na kuvuka mashamba, kile ambacho watu walikuwa wamekingoja kando ya jeneza wakakikosa. Alimwita mumewe kwa jina la ujana wake. Alimuuliza kwa nini hakumwambia, kwa nini alijibu mara moja tu akatoka kwenda shambani. Alimwomba amsamehe kwa miaka yote aliyolala ubavuni pake akimshuku. Watu wakaanza kukimbia kutoka nyumba za karibu, wakidhani kuna msiba mpya, na mama mmoja akafika uani akiwa ameshika mwiko, anauliza ni nani tena amekufa.

"Ni yule yule," jirani akamjibu. "Mwache alie."

Afisa wa polisi aliifunika bunduki kwa gunia, akavua kofia yake naye. Mimi sikuweza kuingia jikoni, mimi ni mkwe. Nikabaki pale mezani na bisibisi mkononi, nikinuka mafuta ya taa, nikimsikiliza mama mkwe wangu akimlilia mumewe kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na nikajikuta ninatabasamu.